Lenzi ya pili: jinsi ya kuchagua lenzi kwa picha za familia na safari ukiwa Mombasa

Kamera nyingi za kuanzia, iwe Canon au Nikon, huuzwa na lenzi ya milimita 18 hadi 55 ndani ya boksi moja. Lenzi hiyo si mbaya. Mchana ufuoni Nyali inatoa picha safi, na kwa matembezi ya kawaida haikuangushi. Shida huanza usiku: taa zimewashwa, mtoto anakata keki, na kila picha inatoka ama imetikisika ama imejaa chengachenga. Hapo mtu huanza kutafuta lenzi nyingine, na dukani aghalabu huoneshwa lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoonekana ya kazi.

Mimi sikubaliani na ushauri huo. Kwa familia inayoishi hapa, lenzi ya kwanza kuongeza mara nyingi ni fupi, ndogo, isiyovuta, yenye tundu kubwa la kuingiza mwanga. Ile ndefu ina siku zake, nazo nitazitaja. Lakini picha utakazozitafuta miaka kumi ijayo nyingi zitakuwa za sebuleni, za barazani na za mezani, na huko lenzi ndefu haikusaidii kitu.

Hatua ya 1: Zikague picha zako kabla ya kugusa pesa

Kila picha ya dijitali hubeba maelezo yake: urefu wa lenzi kwa milimita, namba ya f (ukubwa wa tundu la mwanga), kasi ya shata (muda ambao pazia la kamera hubaki wazi, kwa sehemu za sekunde) na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga; ikipanda sana picha hujaa chengachenga). Ukifungua picha kwenye kamera na kubonyeza kitufe cha maelezo utayaona, na kwenye kompyuta pia yapo. Zigawe picha mafungu mawili. Fungu moja ni zile unazozipenda, ulizozichapisha zikatundikwa ukutani au ulizozituma kwenye kundi la familia zikasifiwa. La pili ni zile ulizotamani zitoke nzuri zikaharibika.

Hilo la pili ndilo la kukaa nalo. Kwa kila picha jiulize imeharibika kwa nini. Kama shata ilishuka chini ya 1/60 na ISO imepanda 6400, tatizo ni mwanga. Kama ulikuwa umeshavuta mpaka 55 na mnyama bado ni kidoa, tatizo ni umbali. Kama ulikuwa kwenye 18, mgongo umegusa ukuta, na shangazi bado amekatwa nusu, tatizo ni ufinyu. Kila tatizo lina lenzi yake, na lenzi ya tatizo moja haitibu jingine.

Kuna tatizo la nne ambalo halihitaji lenzi kabisa. Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, na jua la saa 6 mchana husimama karibu juu ya utosi. Macho yanageuka mashimo meusi, pua inatupa kivuli mdomoni, kanzu nyeupe inaungua mpaka mishono haionekani. Watu hununua lenzi ya bei kubwa wakidhani itawaponya na hilo. Haiponyi. Wasogeze watu kivulini chini ya mwarobaini, au subiri saa 11 jioni.

Hatua ya 2: Jua mdomo wa kamera yako

Mdomo ni pale lenzi inapojifunga kwenye kamera. Sehemu hii naipita haraka, ila usiiruke, maana hapa ndipo watu hununua kitu kisichoingia.

Canon za zamani zenye kioo cha ndani (DSLR) hutumia lenzi za EF na EF-S. EF-S ni za kamera zenye sensa ndogo tu (sensa ni kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga), EF zinaingia zote. Canon mpya zisizo na kioo (mirrorless) hutumia RF, mdomo ulioanza 2018. Lenzi za EF na EF-S huingia humo kwa adapta na hufokasi vizuri. Nikon nao walianza mdomo wa Z mwaka huohuo wa 2018, na adapta yao huitwa FTZ. Sony na Fujifilm wana midomo yao wenyewe.

Mwenye Nikon za D3400, D3500 au D5600 asikie hili: kamera hizo hazina mota ya fokasi ndani. Lenzi lazima iwe na mota yake, yaani iandikwe AF-S au AF-P. Ukiuziwa ile ya zamani ya AF-D kwa bei ya kutupa, itaingia na itapiga, lakini utafokasi kwa mkono kila picha, na mtoto hatakungoja. Kinyume chake, Nikon za zamani kama D90 na D3000 hazifokasi na AF-P. Adapta ya FTZ nayo haina mota, kwa hiyo AF-D humo pia ni kazi ya mkono.

Mwisho, ukubwa wa sensa. Kamera nyingi za kuanzia zina sensa ndogo, na kwayo lenzi huonekana ndefu kuliko namba yake: zidisha kwa 1.6 ukiwa na Canon, kwa 1.5 ukiwa na Nikon, Sony au Fujifilm. Milimita 50 kwenye Canon ndogo huona kama 80 kwenye sensa kubwa, ile ya fremu kamili. Namba hiyo tutaihitaji sasa hivi.

Hatua ya 3: Pima sebule yako

Chukua futi ya fundi cherehani, simama pale unaposimama siku ya sherehe, mpime mtu aliyeketi kwenye kochi la mbele yako. Kwenye nyumba nyingi za ghorofa, iwe Tudor, Kisauni au Kizingo, utapata kama mita 3, mara nyingi chini ya hapo kwa sababu meza imekaa katikati. Umbali huo ndio unaoamua lenzi.

Sensa ndogo ya Canon ina upana wa milimita 22 na kidogo. Ukiwa mita 3 kutoka kwa unayempiga, lenzi ya 50 inaona upana wa mita 1.3 tu: watu wawili waliobanana. Ya 35 inaona mita 1.9. Ya 24 inaona mita 2.8, yaani kochi zima la watu watatu na watoto waliokaa chini. Nikon na Sony sensa zao ni pana kidogo zaidi, kwa hiyo 35 inakupa mita 2.

Ndiyo maana siungi mkono ule ushauri unaorudiwa kila mahali, kwamba kila mtu aanze na 50 ya f/1.8. Ni lenzi safi, nyepesi, na bei yake ni ya chini kuliko nyingi. Kwa picha ya uso wa mtu mmoja barazani, 50 mm inapendeza mno. Lakini ndani ya nyumba zetu itakurudisha nyuma mpaka mlango wa jikoni, na bado bibi atakuwa nje ya picha. Kwa kamera yenye sensa ndogo, lenzi ya nyumbani ni kati ya 24 na 35.

Sasa mwanga. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya boksi huanza na f/3.5 ikiwa kwenye 18, na ukivuta mpaka 55 inajibana yenyewe kufikia f/5.6. Kutoka f/5.6 hadi f/2.8 mwanga unaongezeka mara 4. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 unaongezeka karibu mara 10. Chukua mfano wa taa moja ya LED darini na mtoto asiyetulia. Unahitaji shata ya 1/125 angalau. Ikiwa kwa f/5.6 kamera inadai ISO 12800, kwa f/1.8 itatosheka na kama 1250. Ya kwanza ni ya kuangalia kwenye simu. Ya pili unaweza kuichapisha kubwa ukaitia fremu.

Muuzaji anaweza kukuambia kwamba lenzi ya boksi ina kizuia mtikisiko, kwa hiyo giza si tatizo. Kizuia mtikisiko kinatuliza mkono wako. Hakimtulizi mtoto. Bibi ameketi kwenye kiti anakunywa kahawa, utampata hata kwa 1/15. Mtoto wa miaka mitatu asubuhi ya Idi, nguo mpya, anazunguka ili gauni lifunguke, hutampata.

Kabla ya kununua, fanya jaribio hili, maana halina gharama. Chukua selotepu ubandike pete ya kuvuta ya lenzi uliyonayo kwenye 24, usiiguse wikendi nzima. Wikendi inayofuata iweke 35, halafu 50. Sogea kwa miguu. Utajua mwenyewe ni urefu gani ulikuwa unakupa raha na ni upi uliokuwa unakufukuza chumbani. Watu wachache hufanya jaribio hili, na wanaolifanya hawanunui kwa kubahatisha.

Majina ya kutafuta ni haya. Nikon yenye kioo na sensa ndogo: AF-S DX 35mm f/1.8G, ambayo ipo tangu 2009 na kwa hiyo zilizotumika hupatikana. Nikon Z ndogo: DX 24mm f/1.7. Canon yenye kioo: EF-S 24mm f/2.8 STM, nyembamba, gramu 125 tu, haifunguki sana kama f/1.8 lakini upana wake unafaa nyumba zetu. Canon ya RF: RF 28mm f/2.8 STM. Sony: E 35mm f/1.8 OSS. Anayetaka kubaki na lenzi ya kuvuta aitazame Sigma 17-50mm f/2.8 kwa kamera zenye kioo, au Sigma 18-50mm f/2.8 kwa nyingi zisizo na kioo. Hii ya pili ni ndogo ajabu kwa kazi yake, na kama mfuko unaruhusu inaweza kuwa lenzi yako ya nyumba na ya safari pia.

Tundu kubwa lina adabu zake. Kwa 50 kwenye f/1.8, ukiwa mita 2 kutoka kwa mtu, sehemu iliyo kali ni kama sentimita 10 tu. Ukipiga watu wa safu mbili hivyo, safu ya nyuma inapotea. Kwa kundi, funga mpaka f/4 au f/5.6 na utafute mwanga. Tundu kubwa lifungulie vitu vidogo: mkono wa bi harusi wenye hina ambayo bado haijakauka, vidole vimenyooshwa visigusane, na nyuma yake sinia la halua limekuwa rangi tupu. Fokasi iwekwe kwenye ua moja la hina, kamera isogezwe mpaka ikatae kufokasi, halafu urudi nyuma kidogo. Na kwenye kumbi za wanawake siku ya kupamba, omba ruhusa ya wenye shughuli kwanza, hata kama ni ndugu zako. Wengi huvua buibui humo kwa kuamini hakuna picha zinazotoka nje.

Kuna njia ya pili ya kutibu giza, nayo ni flashi ya juu ya kamera inayogeuzwa ipige dari. Kwenye ghorofa lenye dari jeupe inafanya kazi nzuri sana. Kwenye nyumba za zamani za Mji wa Kale, zenye dari refu la boriti nyeusi, mwanga unaliwa na miti na haurudi. Huko ni lenzi yenye tundu kubwa tu.

Hatua ya 4: Orodhesha safari unazokwenda kweli

Andika zile ulizokwenda mwaka uliopita na zile ambazo tayari mmeshazungumzia nauli. Za ndoto ziache pembeni.

Kama wageni wako kila wakija unawapeleka Mji wa Kale na Fort Jesus, utataka upana. Ngome ile ya Wareno, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, haiingii kwenye picha ukiwa chini ya kuta zake, na vichochoro vinavyotoka Ndia Kuu ni vyembamba kiasi kwamba huna pa kurudi nyuma ili uipate roshani nzima ya mbao. Milimita 18 inatosha kwa mengi. Ukiona haitoshi, Canon wana EF-S 10-18mm na Nikon wana AF-P DX 10-20mm, zote nyepesi, na tundu lake dogo halina madhara mchana. Shika kamera wima bila kuiinamisha juu, la sivyo kuta zitaonekana zinaangukiana. Na usimweke mtu pembeni kabisa mwa picha pana, kwa sababu uso wake utavutika.

Tsavo ndiyo zamu ya lenzi ndefu. Ukiingia Tsavo Mashariki kwa lango la Bachuma ukakuta tembo wamejipaka ule udongo mwekundu, 55 itakupa mandhari mazuri yenye tembo wadogo. Canon EF-S 55-250mm STM au Nikon AF-P 70-300mm VR ni nyepesi na hazifilisi mtu. Ile 250 kwenye Canon ndogo ni sawa na 400, kwa hiyo panga shata ya 1/500 au zaidi, laza lenzi juu ya mfuko wa mchele uliowekwa dirishani, na umwambie dereva, "Mzee, naomba utuzimie injini kidogo." Mtetemo wa injini ya gari huharibu picha nyingi kuliko ubovu wa lenzi. Wanaokwenda Nairobi kwa treni ya SGR nao huwaona tembo kupitia dirishani. Hapo shata iwe 1/1000, na mdomo wa lenzi uwe karibu kabisa na kioo, umezungushiwa kitambaa cheusi ili kuzuia mng'ao.

Lenzi ndefu hiyohiyo itakufaa kwa mbega wa Diani juu ya miti na pomboo wa Kisite. Haller Park hutaihitaji sana: twiga wanakuja kula mkononi, na ile 35 ya nyumbani ndiyo itakayompata mtoto na ulimi wa twiga pamoja.

Halafu kuna zile lenzi za kila kitu, 18 hadi 300, au Tamron ya 18-400. Wapiga picha wengi huzidharau kwa sababu picha zake si kali sana zikivutwa mpaka mwisho, na tundu hubana mpaka f/6.3. Mimi naziheshimu kwa sababu moja ya hapa kwetu: mchanga. Upepo wa kusi ukivuma ufuoni, kubadilisha lenzi ni kualika chembe za mchanga ndani ya kamera. Familia yenye watoto watatu, mikoba minne na mtumbwi unaosubiri haina nafasi ya kubadilisha lenzi. Kama safari zenu ni za namna hiyo na kwenu nyumbani mwanga ni mzuri, basi geuza ushauri wangu wa mwanzo na ununue hii kwanza.

Kivukoni Likoni na maeneo ya bandari, weka kamera mkobani. Ni sehemu za ulinzi, na picha ya kivuko haifai usumbufu huo.

Hatua ya 5: Ikague lenzi mkononi

Lenzi iliyotumika ni ununuzi mzuri, mradi uiangalie mwenyewe. Usitume pesa kwa M-Pesa kwa lenzi uliyoiona kwenye picha tu. Kutaneni mahali pa wazi mchana, na useme mapema: "Kaka, naomba niijaribu kwenye kamera yangu kabla hatujazungumza bei." Anayekataa hilo, muage kwa heshima.

Ondoa vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu, imulike kutoka nyuma huku ukitazama kutoka mbele kwa pembe. Unatafuta nyuzi nyembamba zinazotambaa kama utando wa buibui: hizo ni kuvu, na kwenye pwani yenye unyevu kama yetu ndicho kitu cha kwanza cha kuogopa. Tafuta pia utusitusi mweupe ndani ya kioo. Chembe mbili tatu za vumbi zisikutie wasiwasi, wala mkwaruzo mdogo wa mbele. Hazionekani kwenye picha. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma ni mbaya zaidi.

Kisha ivishe kwenye kamera. Zungusha pete zote, usikie kama kuna mchanga unasaga. Fokasi karibu na mbali mara kadhaa. Ukiwa na tundu limefunguka kabisa, piga ukuta wenye maandishi au gazeti lililobandikwa, ukiwa umeukabili sawasawa, na uikuze picha kwenye skrini kona zote nne. Kona zikilegea kwa usawa ni kawaida. Upande mmoja ukiwa mkali na mwingine umefifia, huenda lenzi hiyo iliwahi kuanguka. Mrudishie.

Hatua ya 6: Ilinde na chumvi na unyevu

Nunua boksi la plastiki linalofunga kabisa, lile la kuwekea unga, na uweke ndani mifuko ya silika pamoja na kipima unyevu kidogo. Lengo ni asilimia 40 hadi 50. Silika yenye rangi hubadilika ikishiba maji. Ikaushe kwenye oveni ya moto mdogo kwa chombo kisichopikiwa chakula. Mchele usiutumie, una vumbi. Mkoba wa ngozi kabatini ndio mahali pabaya kuliko pote, na lenzi isiyotumika ndiyo inayoshikwa na kuvu kwanza.

Ukitoka kwenye chumba au gari lenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa nusu saa kabla ya kuitoa, la sivyo kioo kitalowa umande ndani na nje. Ukirudi kutoka baharini, puliza mchanga kwa pampu ya mkono kwanza, kisha pangusa mwili wa lenzi kwa kitambaa kilicholowa maji baridi kidogo sana, halafu kikavu. Kioo chenyewe kiguse kwa kitambaa cha lenzi tu, wala si pindo la leso au kanzu, kwa sababu chumvi iliyokauka kwenye nguo hukwaruza.

Kila mwezi imulike kwa tochi kama ulivyofanya siku ya kununua. Ukiona uzi wa kuvu umeanza, itenge na nyingine na umpelekee fundi wiki hiyohiyo. Ikiwa bado iko juu juu husafishika, ikikaa hula utando wa kioo na haiondoki tena.